Kabati Lililofungwa

Yuko mwalimu mmoja ambaye jina lake latajwa sana na wale wanaofundisha watoto wadogo: ndiye Maria Montessori, mganga wa Italia. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto huko Roma, katika mtaa wa maskini uitwao San Lorenzo. Mwaka 1909 akatoa kitabu cha kueleza kazi yake. Tumekisoma, nasi twataka kusema lililo jema humo na lile linalopungua.

Jema ni hili: aliiamini mikono ya mtoto. Alimpa ubao mnene wenye matundu kumi na vipande kumi vya kutumbukiza humo. Kipande kikiwekwa mahali pasipo pake, cha mwisho hukosa tundu. Basi mtoto huliona kosa lake mwenyewe, bila kugombezwa. Tena imo sura juu ya kulima na kufuga. Mtoto anyweshaye mche ajua ya kuwa asipoumwagia maji leo, kesho utanyauka. Hapo aanza kuwaza ya kesho. Kwetu sisi, sura hiyo yazipita zote.

Linalopungua ni hili: vile vipande vimekwisha tengenezwa na fundi. Mtoto huvipanga vizuri, lakini hajui vimetoka katika mti gani, wala hawezi kuvitengeneza vikivunjika. Hapo watoto wetu wamemzidi. Tazameni gari la waya na makopo, ambalo magurudumu yake yamekatwa katika kandambili kuukuu. Gurudumu likitoka, mwenye gari hulirudisha. Aliyeunda kitu kwa mikono yake hakitupi upesi.

Kwa nini twasema haya? Tuliingia katika shule moja ya watoto wadogo. Wazazi walikuwa wametoa fedha, zikanunuliwa vitu vya plastiki vya kuchezea. Tukavikuta vimefungwa kabatini, watoto wakivitazama kwa kioo. Mwalimu akatujibu: «Wataviharibu.» Vilivyokwisha vunjika vilikuwa vimetupwa nyuma ya nyumba, na plastiki haiozi kama jani la mgomba. Penye nafasi ya bustani palikuwa na magugu tu.

Montessori naye alikuwa na kabati. Katika kitabu chake kingine, L'Enfant, cha mwaka 1936, asimulia ya kuwa siku moja mwalimu alisahau kulifunga, watoto wakalifungua na kujichagulia vitu vya kazi. Mwalimu akadhani ni wizi; Montessori akaona ni akili. Tangu hapo akaweka makabati mafupi, yafikiwayo na mikono midogo.

Enyi wazazi na walimu, msiache mbachao kwa msala upitao. Waya, makopo na udongo wa mfinyanzi tunavyo. Fedha kidogo iliyopo inunue majembe madogo na mbegu. Na kabla ya kununua kitu kingine chochote, fungueni kwanza kabati.