Nani Alilisukuma Hilo Kabati?

Mwaka jana niliandika hadithi fupi. Msichana wa Likoni ameajiriwa kufanya usafi kwenye jumba la tajiri mmoja Nyali. Siku moja anavuta kitabu chenye jalada jekundu, na ukuta mzima wa vitabu unafunguka mbele yake bila sauti. Nyuma yake kuna chumba. Nilijiona nimefika, wallahi. Nikamtumia mjomba wangu kwenye simu, kwa sababu yeye ni seremala Kisauni na anapenda hadithi za upelelezi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Aliisoma akiwa amekaa juu ya benchi lake la kazi, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi. Alipomaliza akaniuliza, "Mjomba, kabati la ukuta mzima, limejaa vitabu, limefunguliwa na kidole?"

Nikamwambia hiyo ni hadithi tu.

"Hadithi ndiyo. Lakini nani kalisukuma?"

Nimesoma uhakiki mwingi, wa chuoni na wa mtandaoni. Hakuna ulionikosesha usingizi kama swali hilo.

Kabati la vitabu ambalo kumbe ni mlango ni kifaa cha kale cha hadithi, na karibu kila mara kinatumiwa ovyo. Katika tamthilia ya televisheni ya Batman ya 1966, Bruce Wayne anainua kichwa cha sanamu ya Shakespeare, anatumia swichi iliyofichwa ndani yake, na kabati la vitabu linateleza kando kama pazia. Ile ilikuwa kazi ya mzaha, na mzaha unaruhusiwa kudanganya. Tatizo ni sisi tulioichukua bila mzaha. Fungua TikTok leo utaona watu wanavuta kabati kwa kidole kimoja na muziki laini unapiga. Angalia vizuri zile rafu: vase, mshumaa, fremu ya picha, na vitabu vinne vimelazwa kwa sababu rangi zao zinaoana. Kabati ni jepesi kwa kuwa ni tupu, na mwandishi anayelinakili ananakili utupu wenyewe.

Hebu tupige hesabu, maana mjomba alinipigisha palepale kwa penseli juu ya plaiwudi. Mita moja ya vitabu vilivyosimama ina kilo 20 hadi 30 hivi, na zaidi ukiweka kamusi. Chukua kabati dogo tu, upana sentimita 80, rafu sita. Hapo una karibu mita tano za vitabu, yaani kilo mia na ushee, kabla hujahesabu mbao. Hiyo ni mifuko miwili ya simiti unayoining'iniza kwenye mlango, halafu unataka izunguke kimya usiku wa manane.

Bawaba za kawaida hazitaki mchezo huo. Bawaba ya juu inavutwa nje, skurubu zinalegea, na kona ya mbele ya kabati inashuka polepole mpaka inagusa sakafu. Watu wengi wakifika hapo wanaweka kagurudumu chini ili kasaidie kubeba. Kanasaidia, ila sakafu zetu hazijanyooka hivyo. Kagurudumu kanakwama, kanakwaruza, na baada ya mwezi kamechora nusu duara chini. Umetumia pesa zote hizo kuficha mlango, kisha umeuchorea ramani.

Kuna na ile hesabu ya kona. Kabati la upana wa 80 na kina cha 30 lina zaidi ya 85 ukilipima kona kwa kona. Likizungukia kwenye kona yake ya mbele, ile kona ya nyuma ya upande wa pili inapita nje kwa sentimita tano na kitu, kwa hivyo inagonga fremu. Ama uache mwanya, na mwanya huo uuzibie na ubao wa urembo, ama upunguze kina cha rafu. Hakuna kitabu chekundu cha kukutoa kwenye hilo.

Dawa ya mjomba ilikuwa kuachana na bawaba kabisa. Unatengeneza ncha ya chuma chini na nyingine juu. Ile ya chini inakaa ndani ya beringi, na kwa wenye gereji za malori kule Changamwe beringi iliyotolewa kwenye gurudumu la lori inapatikana, imeshabeba makontena maisha yake yote, haishtuki na kamusi. Uzito wote unashuka chini, na ncha ya juu kazi yake ni kulishika kabati lisiyumbe. Kilichonichekesha ni kwamba hiyo si teknolojia ya mtandaoni. Milango ya nakshi ya Mji wa Kale na ya Lamu, ile mizito yenye mfaa katikati, imezunguka hivyohivyo miaka yote: ncha mbili za mbao, matundu mawili, na uzito unakaa penye kizingiti. Tofauti ni kwamba ile milango ilichongwa ili kila mpita njia aione na ajue mwenye nyumba ni nani. Tulikuwa na ufundi wa kubeba mlango mzito, ila hatukuwa na haja ya kuuficha.

Sasa, kuna maandishi yaliyousema ukweli wa kifaa hiki, na aliyeyaandika alikuwa msichana wa miaka 13. Agosti 1942, Anne Frank aliandika kwenye shajara yake kuhusu kabati lililowekwa mbele ya maficho yao, Prinsengracht 263, Amsterdam. Wazo lilikuwa la Victor Kugler, na mkono ulikuwa wa Johan Voskuijl, aliyekuwa akifanya kazi ya ghala palepale. Sababu anayoitaja ni ya kawaida kabisa: nyumba zilikuwa zikipekuliwa kutafuta baiskeli zilizofichwa. Kisha hasemi jinsi kabati lilivyopendeza. Anasema siku za kwanza kila mtu alitembea na nundu kwenye paji la uso, kwa sababu sasa lazima uiname kupita, mpaka wakapigilia kitambaa kilichojazwa takataka za randa pale juu. Kama hujawahi kusoma ukurasa huo, kausome kama fundi. Ile nundu ndiyo inayokufanya uamini kwamba mlango upo. Mtu aliyeubuni kichwani asingekumbuka kugonga kichwa.

Na kabati lile lilisimama miaka miwili, hadi 4 Agosti 1944, si kwa sababu ya ujanja wa mbao peke yake. Mbele yake kulikuwa na ofisi, na ofisini kulikuwa na watu waliokuwa wakipiga chapa, wakipokea wageni, wakipandisha chakula juu na kunyamaza. Bep, binti wa huyo Voskuijl aliyelijenga, alikuwa mmoja wao.

Hapo ndipo niliona hadithi yangu imekosa nini, na aibu ni kwamba jibu lilikuwa nyumbani kwetu siku zote. Nyanya yangu anaishi Likoni. Agosti 1997, baada ya kituo cha polisi kushambuliwa na watu wa bara kuanza kufukuzwa, alikuwa na mpangaji, mama kutoka bara na mtoto wake, kwenye chumba cha nyuma. Nyanya na mamangu walilivuta kabati la vyombo mpaka likaziba mlango wa chumba hicho. Halikuwa na bawaba wala beringi. Lilivutwa na wanawake wawili, glasi zinagongana ndani, na miguu yake ikachimba mistari miwili kwenye sakafu nyekundu ya simiti. Nyanya akatandika mkeka juu ya mistari. Vijana walipokuja kuuliza, mara ya kwanza na mara ya pili, walimkuta ameketi juu ya huo mkeka anachambua mchele. Ile mistari ipo mpaka leo. Mimi nimeikalia utotoni nikila uji, sikuuliza.

Mimi niliandika chumba cha siri kisicho na mtu wa kukaa mbele yake. Na si mimi tu. Hadithi nyingi za vijana wenzangu ninazozisoma siku hizi zinakimbilia kilichomo ndani: hela, maiti, barua. Mlango wanaupita kama geti la estate ambalo askari amelala. Lakini mlango uliofichwa unamdai kitu kila anayeutumia: nguvu za mgongo, muda, sauti, alama chini, na mtu wa kuongopa kwa uso mkavu. Mwandishi akikwepa deni hilo, chumba cha nyuma hakina siri yoyote, kina samani tu.

Basi nimeiandika upya. Kitabu chekundu nimekitupa. Msichana wangu anapiga deki, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa nayo, na anaona alama ya nusu duara kwenye vigae, alama ambayo haitoki hata kwa sabuni. Anaisugua siku tatu kabla hajainua macho aone inaanzia wapi. Kabati lenyewe halifungui. Hana nguvu hizo akiwa peke yake, na ubavuni kwake mama mwenye nyumba amevuta kiti anakunywa chai.

Juzi nilimpelekea mjomba tena. Alisoma mara mbili, akasafisha miwani, akasema hii sasa angalau inasimama.

"Lakini mjomba," akaongeza, "tajiri wa Nyali anakosaje hela ya beringi?"