Sikio la Mpimaji

Mpimaji hodari wa hedifoni haanzi na besi. Anaanza na sauti ya mtu, maana hiyo sikio limeizoea tangu utotoni na si rahisi kulidanganya nayo. Akimsikia mwimbaji anayemfahamu akiimba kama mwenye mafua, au kila "s" ikimchoma sikio, hana haja tena ya kusoma karatasi ya vipimo iliyokuja na boksi.

Nazungumzia hedifoni zilizo wazi mgongoni, zile ambazo nyuma ya kikombe kuna wavu tu, hakuna ukuta. Sennheiser ya Ujerumani iliziingiza sokoni mwaka 1968 kwa jina la HD 414. Siri yake ni hewa. Utando wa spika unapotetemeka husukuma hewa mbele, kwenye sikio, na nyuma vilevile. Ukiziba nyuma, hewa ile hugonga ukuta, ikarudi na kuichafua sauti inayofuata. Ukiacha wazi, hujiendea zake, na muziki nao huacha kubanana katikati ya kichwa. Unatanda, unapata nafasi.

Mfano wangu ni HD 600 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka mwaka 1997 na mpaka leo inatengenezwa. Wapimaji wengi huiweka mezani wanapotaka kulinganisha nyingine. Haina mbwembwe. Ukiivaa kwa mara ya kwanza unaweza hata kujiuliza sifa zote zile zimetoka wapi.

Basi iwekee taarabu. Ikhwani Safaa ya Unguja, kundi lililoasisiwa mwaka 1905, lina rekodi iliyotolewa na GlobeStyle ya Uingereza mwaka 1988, na sijui kipimo kikali kuliko hicho. Fidla zinapocheza lahani moja kwa pamoja hazilingani sawasawa; kila mpigaji ana mkono wake, na mmoja huifikia nota kidogo tu kabla ya mwenzake. Hedifoni dhaifu huzigandisha zikawa fidla moja nene yenye ukungu. HD 600 huwaacha wapigaji wakiwa watu, mmoja mmoja. Kisha ifuate ala iitwayo kanuni. Ina nyuzi sabini na ushei, nyingi zikienda tatutatu kwa kila nota, na hupigwa kwa vipigio vilivyovishwa kwenye vidole vya shahada. Kinachosikika kwanza ni mdonoo mdogo, mkavu, wa kipigio kuuacha uzi. Ndipo nota hufunguka, halafu mwangwi wake huanza kufifia chini ya sauti ya mwimbaji. Mpimaji huufuata mwangwi huo mpaka unapopotea, na hapo ndipo anapoandika alama yake. Kwenye hedifoni za kawaida hupotea mapema, ukimezwa na akodiani.

Watu hudhani rekodi za zamani hazifai kwa kazi hii. Zinafaa sana. Nyimbo nyingi za dansi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam ni za mono, yaani masikio yote mawili yanapata kitu kilekile. Mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa. Akiegemea kushoto kila anapopanda juu, ujue spika mbili za hedifoni hiyo hazijafanana, hata kama zimetoka kiwandani siku moja. Hakuna muziki mpya wenye madoido ya studio utakaokuonyesha aibu hiyo waziwazi namna hii.

Lakini ugumu wenyewe uko kwenye ukubwa wa sauti. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba sikio halizisikii sauti zote kwa usawa, na kwamba muziki ukipunguzwa, besi ndiyo hutangulia kupotea. Kwa hiyo hedifoni mbili zikilinganishwa, ile yenye sauti kubwa kidogo tu itaonekana kuwa na uhai zaidi, na msikilizaji atasema ni bora bila kujua kwamba amesikia kelele zaidi, basi. Muuzaji anayeijua biashara yake huongeza kidogo sauti ya ile anayotaka uinunue. Mpimaji mwaminifu husawazisha kwanza, akakaa na wimbo mmoja mpaka mshangao wa kitu kipya umwishe. Kwangu mimi ustaadi wa kazi hii uko hapo hasa, katika kukataa kusifu mapema.

Kasoro za HD 600 hazifichiki. Besi ya chini kabisa, ile inayotikisa kifua kwenye singeli, haimo; unaisikia kwa mbali, huihisi. Ukinzani wake ni omu 300, hivyo simu nyingi huishia kuipa sauti ya kinyonge, na itakubidi utafute amplifaya. Ikiwa mpya hubana kichwa, hasa kwa mwenye kichwa kikubwa. Sifa moja ndogo niseme: pedi zake za mahameli hupitisha hewa, na kwenye joto la Dar es Salaam hilo si jambo dogo. Zile za ngozi bandia huyageuza masikio kuwa maji kabla hata kiitikio hakijafika.

Halafu kuna nyumba yenyewe. Ule wavu unaotoa hewa ndio unaoingiza pangaboi, bodaboda wa mtaani na mazungumzo ya jikoni, na unayosikiliza wewe yanasikilizwa pia na aliye karibu nawe. Wapo wanaoiona hii ni hasara tupu. Mimi napenda kuitwa jina langu na kuitika bila kuvua kitu kichwani. Ila kama mnalala chumba kimoja na mtoto mchanga na saa yako ya muziki ni usiku, nunua zilizozibwa, hata kama kanuni itapungua.