Ustahi wa Nyasi Bustanini

Katika kazi zote za bustani za mapambo sijui iliyo na subira kuliko ile ya kupanda nyasi kwa ajili ya rangi zake za majira ya kupukutika majani katika nchi za baridi. Kwani mpanda waridi hupata ujira wake jua lingali na nguvu, lakini mpanda nyasi hungoja hata Oktoba, maua mengine yakiisha kunyauka, ndipo shamba lake linapopambika.

Marehemu Karl Foerster wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1874 na kuweka kitalu chake Bornim, karibu na Potsdam, aliitetea mimea hii kwa ari kubwa, hata mwaka 1957 akatoa kitabu kizima juu ya kuingia kwa nyasi na kangaga bustanini.

Itazame nyasi moja ya mbuga za Marekani, ambayo wanazuoni wa mimea huiita Schizachyrium scoparium. Wakati wa joto majani yake ni ya kijani kinachoelekea buluu; siku zikifupika, ukijani ule hufifia, na baada ya michana ya jua na usiku wa baridi jani zima hushika wekundu wa shaba, huku mbegu zikitokeza juu ya mabua na vinyweleo vyeupe. Jua la alasiri likiwa nyuma yake, vinyweleo vile huwaka kimoja kimoja; ndiyo sababu fundi mwenye busara huipanda magharibi ya njia, ili apitaye jioni aione nuru ikipenya.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, zaidi ni kujizuia. Samadi nyingi huirefusha upesi ikalegea, na mvua ya kwanza ikailaza, hali udongo hafifu wenye mchanga huikaza mabua. Na wako watu ambao wakiona jani limekauka hawatulii mpaka walifyeke, wakajinyima miezi ya jalidi na theluji, ambapo mabua yale makavu ndiyo pambo pekee lililosalia na ndege huja kudonoa mbegu zake. Iachwe isimame hadi baridi ikaribie kwisha, kisha ikatwe, yabaki mabua ya kiasi cha shubiri, kabla machipukizi hayajatokeza. Na shina lililofia katikati ligawanywe majira hayo hayo, wala si kabla ya baridi, kwani mizizi iliyojeruhiwa huoza upesi katika udongo baridi wenye maji.

Tena nasaha moja: Pennisetum setaceum, nyasi ya asili ya Afrika, ilipelekwa Hawaii kuwa pambo, ikatoroka bustanini, ikaenea juu ya miamba ya volkano na kuchochea mioto. Basi, ewe msomaji, ukitaka kupanda, anza na nyasi za nchi yako.