Ile alama ya kutoa

Bandugu wasomi, mimi ni mtu wa kilimo, lakini fizikia tuliyofundishwa inanisumbua. Butembo hakuna treni. Mazoezi yetu yote yalikuwa ya treni. Kasi ya mwisho kutoa ya mwanzo, gawa kwa muda, basi. Ukisahau alama ya kutoa, pointi zinaenda.

Hakuna aliyetuambia kama alama ile njo breki! Pikipiki kwenye barabara ya Beni iko na 36 km/h, ni mita 10 kwa sekunde. Inasimama kwa sekunde 2: (0 − 10) ÷ 2 = −5 m/s². Imekula mita 10. Kwa 72 km/h, breki ile ile, inakula mita 40. Kasi mara mbili, barabara mara nne.

Batoto wanaendesha pikipiki mbele ya kupata diploma. Walimu, muache treni kwanza.