Mafuta ya mababu na maji ya leo

Mafuta ya kujipaka ya mimea yanasifiwa sana siku hizi, hapa Idjwi na ng'ambo kule Bukavu. Wanasema: ni ya mababu, basi haiwezi kuumiza mtu. Sifa hiyo tuipime vizuri.

Jambo moja tunalikubali. Kuliko krimu za kujichubua zenye zebaki au hidrokinoni, ambazo zimeharibu nyuso za wamama wengi, heri mafuta ya avoka ao mawese. Lakini nia nzuri peke yake haitengenezi krimu nzuri.

Wazee wa nchi hizi za Maziwa Makuu walijipaka siagi ya ng'ombe. Siagi ina mafuta karibu 80 kwa 100, na maji karibu 16. Ukiiyeyusha motoni mpaka maji yaishe, samli inayobaki inakaa muda mrefu bila kuharibika. Siri iko pale: maji yametoka.

Krimu ya leo inarudisha yale maji. Mtu anapika wanga wa muhogo mpaka unakuwa uji wa kuangaza, anatia mafuta, anakoroga. Inateleza mkononi, inapendeza. Lakini ule wanga unaleta uzito tu. Unachelewesha mafuta kupanda juu, hauyaungi sawasawa na maji. Ndiyo sababu wengine wanaongeza sabuni. Sabuni inaunga kweli, lakini ikizidi inakausha ngozi. Tena, maji pamoja na wanga ni chakula cha ukungu na vijidudu. Kisha chupa inakaa dukani mwezi mzima, na mama anampakaa mtoto mchanga. Pale "asili" imekuwa neno la biashara.

Hatusemi watu waache. Tunaomba wanaosifu wafundishe pia. Mafuta matupu yanaweza kukaa. Yenye maji yatengenezwe kidogo, kwa maji ya kuchemsha na chombo safi, yatumiwe siku mbili tatu. Harufu ikibadilika, yamwagwe. Na anayetaka kuuza chupa ya miezi atafute mtu wa famasi amwonyeshe dawa ya kuzuia ukungu na kipimo chake.

Mzee aliyetengeneza mafuta yake alijua yanakaa siku ngapi. Anayeuza kwa jina lake, naye ajue.