Mbwa Mwenye Ila Katika Maktaba ya Shule

Msomaji, mbwa wa hadithi aghalabu ni mzuri wa umbo, hodari na mwaminifu. Humwokoa mtoto mtoni, humkamata mwizi usiku, wala hachoki. Twampenda mbwa huyo, lakini hatumjui, kwa kuwa hatujapata kumwona. Mbwa tumjuaye ni yule alalaye langoni, mwenye kupe masikioni, akimbiaye fimbo kabla haijainuliwa. Kitabu nitakachokipima pamoja nawe kinamhusu mbwa wa namna hiyo, nacho chastahili mahali katika maktaba ya shule yako.

Jina lake ni Because of Winn-Dixie. Alikitunga Bibi Kate DiCamillo wa Marekani, kikachapishwa mwaka 2000, na mwaka 2001 kikatajwa miongoni mwa vitabu vya heshima vya tuzo ya Newbery, itolewayo nchini humo kwa vitabu vya watoto. Mtunzi alikiandika alipokuwa akikaa Minnesota, wakati wa baridi kali, katika nyumba ambamo wapangaji hawakuruhusiwa kufuga mbwa. Yamkini ndiyo sababu mbwa wake hakupambwa. Mwenye njaa haoti meza ya karamu; huota chakula tu.

Opal, msichana wa miaka 10, amehamia mji mdogo katika jimbo la Florida pamoja na baba yake, ambaye ni mhubiri. Mama yake alikuwa mlevi, akawaacha Opal alipokuwa na miaka 3. Siku moja Opal anatumwa kununua chakula katika duka kubwa liitwalo Winn-Dixie, na humo anamkuta mbwa aliyeangusha mboga na matunda sakafuni. Mkuu wa duka anataka mbwa aondolewe. Opal anadai ni wake, na kwa kukosa jina jingine anampa jina la duka.

Tazama sasa ila za mbwa huyu. Amekonda, ananuka, manyoya yamemtoka hapa na pale. Akifurahi huonyesha meno yake yote kama mtu achekaye, kisha hupiga chafya. Akiingizwa kanisani humfukuza panya katikati ya ibada. Radi ikipiga, hofu humpotezea akili, akakimbia ovyo na kumwangusha amzuiaye. Waswahili husema kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtunzi ameigeuza methali hii: ametupa kipande cha mti kwa nje, akatuacha tufungue wenyewe.

Kwa ajili ya mbwa huyu Opal anawajua watu wa mji. Anamjua Bibi Franny Block, mtunza maktaba, mwanamke mzee mpweke ambaye zamani dubu aliingia katika maktaba yake. Anamjua Gloria Dump, ambaye macho yake karibu yamekufa na ambaye watoto humwita mchawi. Uani kwake upo mti ulioning'inizwa chupa tupu, nyingi zikiwa za pombe. Kila chupa ni ukumbusho wa kosa alilolitenda zamani, maana naye alikuwa mlevi kabla hajaacha. Anamjua pia Otis, mtumishi wa duka la wanyama, aliyefungwa gerezani kwa kumpiga askari aliyetaka kumzuia asipige gita njiani.

Hapa ndipo ulipo ustadi wa kitabu, nami nakuomba uuangalie vema. Ila za mbwa ni nyepesi. Harufu huondoka kwa maji na sabuni; chafya haimdhuru mtu. Tukiisha kumsamehe mbwa kwa kicheko, mtunzi anatuletea mzigo mzito kidogo, yule mfungwa. Kisha anatuonyesha mti wa chupa. Mwishowe, tukiwa hatuna habari, tumesimama mbele ya mzigo mzito kuliko yote: mama aliyekunywa pombe akamwacha mtoto wake. Mtu aweza kumsamehe mlevi wa jirani. Je, aweza kumsamehe mlevi aliyemwumiza yeye?

Wengi husoma kitabu hiki wakasema mafunzo yake ni kuwapenda wanyama. Hilo si uongo, lakini ni sawa na mtu aliyefika kisimani akaridhika kuitazama kamba. Wengine husema kwamba kinafundisha upendo huponya kila kitu. Hilo nalikataa. Hofu ya mbwa haiponi. Katika karamu ya mwishoni mvua yenye radi inaanguka, naye anatoweka kwa sababu ile ile iliyomsumbua tangu mwanzo. Mama harudi. Gloria hazishushi chupa zake mtini. Kitabu kinasema neno gumu zaidi: kwamba mtu huishi pamoja na ila, yake na ya wenziwe, na hata hivyo karamu huandaliwa. Hapana masika yasiyo mbu.

Mhakiki mwaminifu hafichi kasoro za kitabu akipendacho. Mbwa huyu hufungua mioyo ya watu kwa wepesi mno. Akionyesha meno tu, mlango uko wazi. Wabaya wa hadithi nao si wabaya sana, na ugomvi wa watoto huisha upesi kuliko ugomvi tuujuao shuleni. Lakini itakuwa ajabu kukikataa kwa sababu hiyo kitabu kinachotufundisha kuzistahimili kasoro.

Kitumieje basi katika maktaba? Nashauri kisomwe kwa sauti, sura moja moja, maana sura zake ni fupi. Opal anamwomba baba yake amwambie mambo 10 juu ya mama yake, moja kwa kila mwaka wa umri wake. Naye baba anayataja mema na mabaya pia. Wewe nawe chukua karatasi, uandike mambo 10 juu ya mtu umjuaye, usiache sifa wala ila. Karatasi hiyo ibaki kwako. Asiitake mwalimu, wala mwenzako asiichungulie.

Nasema hivi kwa sababu. Niliwahi kukaa na wanafunzi katika maktaba ya shule moja wakati kitabu hiki kilipokwisha kusomwa. Waliulizwa mafunzo, wakanyosha mikono, wakajibu vizuri. Kengele ilipolia walitoka wote ila msichana mmoja, aliyesimama karibu na rafu akisubiri chumba kiwe kitupu. Kisha akaniuliza kama kiko kitabu cha pili, ambamo yule mama anarudi.

Nilimjibu kwamba hakipo. Aliitikia kwa kichwa, akaomba aazime kile kile tena.

Sikumwuliza kwa nini, nawe msomaji usingalimwuliza. Vitabu vya mashujaa wasio na doa vilijaa mbele yake, naye alichagua kurudi kwa mbwa aogopaye radi. Maktaba isiyo na kitabu kimoja cha namna hiyo ina upungufu, hata kama rafu zake zimejaa.