Uteuzi wa Maneno ya Kiingereza kwa Mwanafunzi wa Goma: Uhakiki wa Msaada wa Kamusi

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kalengera, katika Kivu Kaskazini upande wa Goma, anapoanza kujifunza Kiingereza huwa tayari ana Kiswahili cha mtaani na sokoni pamoja na Kifaransa cha darasani. Maswali yake mengi ya mwanzo huhusu uteuzi wa maneno: aseme "say" au "tell", "borrow" au "lend", "make" au "do"? Makala haya yanahakiki jibu analolipata katika kamusi. Hoja yetu ni kwamba swali la namna hii halihusu neno la Kiingereza peke yake. Linahusu pia jinsi lugha alizo nazo zinavyoigawa maana, na kamusi isiyolizingatia hilo humpa orodha badala ya jibu.

2.0 Kamusi na mipaka yake

Mwaka 1939 Oxford University Press ilichapisha kamusi sanifu ya Kiingereza na Kiswahili iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson. Mwaka huohuo, mjini Paris, ilianza kutolewa kamusi ya Kiswahili-Kifaransa ya Charles Sacleux. Zote mbili ni hazina, lakini kila moja inaunganisha lugha mbili tu, na mtu wa Goma anaishi na tatu. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI ya mwaka 1996 ni hatua kubwa. Hata hivyo, kwa mwelekeo wake, inamfaa zaidi anayesoma Kiingereza na kutafuta maana kuliko anayekiandika na kutafuta neno.

Aidha, msingi wa kamusi hizi si Kiswahili cha Kivu. Huko "masomo" ni shule yenyewe. Anayesema "naenda ku masomo", akilifuata neno hilo katika kamusi, ataishia kwenye "lessons" au "studies". Sentensi yake itapotoka ingawa kamusi haikukosea.

3.0 Lugha zinavyosaidiana

Tukilinganisha lugha hizi tatu, tunaona kwamba Kiswahili na Kifaransa havikwazi mahali pamoja. Kifaransa kina "dire" kwa "say" na kwa "tell". Kiswahili hutenganisha kusema na kuambia, na kuambia, kama "tell", hudai mwenye kuambiwa. Kifaransa hutumia "apprendre" kwa anayejifunza na kwa anayefundisha. Kiswahili hakichanganyi mambo hayo. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyezoea "assister" na "actuellement" huandika kwamba ali-"assist" mkutano, au hutumia "actually" akikusudia sasa. Akipitia kwanza kuhudhuria na sasa, mtego huo huondoka.

Kwa upande mwingine, kuazima hutumika kwa anayetoa na kwa anayepokea. Hapo Kifaransa, chenye "prêter" na "emprunter", ndicho kinachofafanua "lend" na "borrow". Neno saa nalo hubeba muda, saa ya ukutani na saa ya mkononi, ilhali Kifaransa hugawa maana hizo kama Kiingereza. Yapo pia maneno ambayo lugha zote mbili hazisaidii: kufanya na "faire" hayatofautishi "make" na "do". Hapa hakuna budi kujifunza neno pamoja na wenziwe: "make a mistake", "do homework".

4.0 Sarufi ya nyumbani

Suala la vihusishi ni zito zaidi. Kiswahili cha Goma husema "mu nyumba" na "ku meza". Mwalimu anayekimbilia kusahihisha "nyumbani" na "mezani" kabla ya kufundisha "in" na "on" anaondoa alama iliyokuwa tayari kumsaidia mwanafunzi. Kweli, "ku" haitoshi: "naenda ku soko" na "natoka ku soko" huacha mwelekeo ubebwe na kitenzi, ambapo Kiingereza huhitaji "to" na "from". Lakini tofauti hiyo hueleweka ikielezwa kwa Kiswahili.

Tuchukue pia swali la kukanusha. Mtu akiulizwa, "Hukupokea chakula?" naye hakupokea, hujibu, "Ndiyo, sikupokea." Kwa Kiingereza jibu ni "No". Akisema "Yes" na kunyamaza mbele ya karani anayeandika majina kwa Kiingereza, yaweza kuandikwa kwamba amepata. Kosa la neno moja humlaza mtu na njaa.

5.0 Hitimisho

Rwanda iliamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Haja ya Kiingereza mpakani haihitaji kutetewa. Linalohitaji kutetewa ni haki ya mwanafunzi kuuliza kwa Kiswahili chake bila kuonekana mzito wa akili. Tunapendekeza watunga kamusi waandae faharasa ya lugha tatu, ianze na Kiswahili, iingize matumizi ya Kivu bila kuyabandika jina la makosa, na ioneshe kwa kila neno ni lugha ipi inayotofautisha na ipi inayochanganya. Walimu nao wanaweza kuanza kazi hiyo sasa, kwa kuyaandika maswali ya wanafunzi wao kama yalivyoulizwa.